Nani Atatusomea Hadithi Zetu?



Kwa majuma kadhaa sasa, barua zinazoingia katika sanduku la karatasi yetu zinauliza jambo moja. Mama anaandika: "Nimetunga hadithi, nimeiandika usiku watoto wakiwa wamelala. Nani anaweza kunisaidia kuirekebisha? Sina pesa ya kumlipa." Mwingine anauliza kama ni lazima mtu huyo awe profesa. Sisi wa kikundi cha hadithi tumepita katika njia hiyo, kwa hiyo leo tunajibu kwa pamoja, tukisimulia yale tuliyoyaona.

Tuko wamama kumi na mmoja. Tunakutana Jumamosi saa tisa ya mchana, nguo zikiwa zimekwisha kuanikwa. Wengine tunauza unga na mboga sokoni, wawili ni walimu wa shule ya msingi, mmoja ni mshonaji, mmoja ni muuguzi. Tunaandika hadithi za kubuni: ndoa, wakwe, watoto waliokwenda kuchimba madini na kurudi wengine, jirani na maji ya kisima. Hakuna kati yetu anayetafuta sifa za dunia. Tunataka hadithi zetu zisomwe hapa, na watoto wetu wazisikie wakati wa likizo, tena zisiwachoshe.

Sasa, kwa nini tumtafute mtu wa kurekebisha? Ni kwa sababu mwandishi anaijua hadithi yake kupita kiasi. Mama aliyeonja sombe mara kumi jikoni hajui tena kama chumvi inatosha. Anamwita mtoto, anampa kijiko. Ukiandika kwamba "yule mzee aliingia tena," wewe unamwona mzee huyo, koti lake na kikohozi chake. Msomaji anajiuliza tu: mzee gani? Huwezi kuliona shimo hilo wewe mwenyewe, kwa maana kichwa chako kinaliziba kila unapopita. Basi unahitaji jicho la mtu mwingine. Mtu huyo ndiye anayeitwa mhariri, na kwetu sisi tusio na pesa atakuwa mtu wa kujitolea.

Yaya wetu mmoja wa Kampemba ni mjane. Aliandika hadithi ya mwanamke aliyefiwa na mume, na siku arobaini hazijatimia shemeji akaja na kufuli jipya la mlango. Hatukumuuliza kama ni mambo yake mwenyewe. Tulijua. Aliandika kurasa kumi na nane katika kaye ya watoto, kwa biki, bila kuacha nafasi pembeni. Alipotusomea sehemu ya kwanza tulinyamaza sote.

Tuliambiwa kuna mzee msomi sana, mtu wa vitabu, anayependa kusaidia. Tukampelekea kaye. Ilikaa kwake majuma saba. Iliporudi ilikuwa imejaa wino mwekundu. Hatusemi kwamba hakufanya kazi. Alifanya kazi kubwa na hakuomba hata faranga moja. Lakini kila sentensi ilikuwa imegeuzwa. Mama mkwe ambaye katika hadithi alisema kwa ukali, kama wanavyosema katika parsele zetu, sasa alizungumza kama hotuba ya bunge. Na mwisho ulikuwa mwingine kabisa: shemeji anatubu, wote wanakula bukari pamoja, mjane anatabasamu. Pembeni mzee aliandika kwamba hadithi nzuri lazima imalizike kwa amani.

Yaya alisoma mpaka mwisho. Hakulia. Alisema neno moja tu: "Hii si yangu." Akaifunga kaye katika kitambaa, na kwa miezi minne alikuja kwenye mikutano akasikiliza za wengine, yeye mwenyewe hakuandika hata mstari.

Hilo ndilo jambo tunalotaka mlielewe mbele ya mengine yote. Hadithi ikirekebishwa vibaya, herufi ndizo hasara ndogo. Mwanamke aliyechukua miaka kupata ujasiri wa kusema anaweza kunyamaza tena. Kwa hiyo kumchagua msomaji ni kama kumchagua mtu wa kumwachia mtoto: hatutazami diploma peke yake.

Kuna aina ya pili, na hii tunayo nyingi. Ni rafiki au ndugu anayesema, "Ni nzuri sana, mama, endelea vile vile!" Tunampenda, anatutia moyo, na siku mbaya moyo unahitaji hilo. Lakini sifa haishoni nguo iliyopasuka. Baada ya sifa hizo, mzee wa kikohozi bado anaingia "tena" na hakuna anayejua alikuwepo lini. Rafiki huyo mpeni hadithi ikiwa tayari, afurahi nayo.

Aliyetusaidia kweli tulimpata mahali ambapo hatukutazamia. Ni dada mmoja anayeuza vitenge. Masomo aliyaacha katikati ya sekondari kwa sababu ya karo, lakini anasoma kila kitu, hata gazeti la kufungia karanga. Alikuja kwenye mkutano kumsindikiza shangazi yake. Yaya wa Kampemba hakutaka kumpa kaye. Dada akasema, "Usinipe. Nisomee tu."

Wakakaa kwenye mkeka, yaya akasoma kwa sauti kurasa zote kumi na nane, zile zake za kwanza, wino mwekundu wakiupita. Dada hakushika biki. Mwishoni aliuliza maswali matatu. La kwanza: "Yaya, siku ile shemeji alipokuja na kufuli jipya, ufunguo wa zamani ulikuwa wapi?"

Yaya alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Nilikuwa nimeufunga kwenye ncha ya kitenge. Ningali nao mpaka leo."

Ufunguo huo haukuwa katika hadithi. Sasa ndio unaoianza. Mwanamke amesimama nje ya nyumba yake, ameshika ufunguo usiofungua kitu tena, na msomaji anataka kujua kwa nini. Dada hakuandika neno hata moja la sentensi hiyo. Aliuliza tu, yaya akaandika.

Swali la pili lilikuwa: "Nani mwingine aliona?" Hapo akaingia jirani aliyekuwa akiwasha mbabula yake na kujifanya haoni. La tatu: "Mwanamke huyu anajua sheria inasema nini?" Mwandishi alikuwa hajafikiri kumpa mtu wake ujuzi huo. Dada naye hakujua vizuri, akaenda kuuliza kwa mtu anayejua, akarudi na jibu: Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inampa mke aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja, na vyombo vya nyumba. Yaya akaongeza ukurasa ambapo binti wa mjane anarudi kutoka shuleni na maneno hayo ameyaandika kwenye karatasi. Mwisho haukubadilika kuwa wa amani. Shemeji bado yuko ndani. Lakini mwanamke sasa anajua anachodai. Siku hadithi iliposomwa mbele ya shirika lote, mama mmoja wa nyuma aliinua mkono, na hakuuliza lolote juu ya hadithi. Alitaka arudiwe ule mwaka wa sheria, auandike.

Kusoma kwa sauti namna hii si jambo geni katika mji wetu. Wengine mmesikia juu ya maandishi yanayoitwa "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Aliyeyaandika ni André Yav, mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Si hadithi ya kubuni, ni historia ya mji kama walivyoijua maboyi na wapishi. Yav hakuwa mwandishi wa kazi. Aliandika Kiswahili cha hapa, kama kinavyotoka mdomoni: maneno mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati. Mtu akiyatazama kwa macho tu anapotea.

Yalipofika mikononi mwa Johannes Fabian, mtaalamu aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu chetu miaka ya 1970, hakuweza kuyafungua peke yake. Aliyemsaidia ni mtu wa hapa, Kalundi Mango. Yeye aliyasoma kwa sauti, sauti ikarekodiwa, na sikio likatambua kile ambacho jicho lilishindwa kukiona. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Ndani yake maandishi ya Yav yamebaki kama Yav alivyoyaandika, na kile walichokielewa kikawekwa kando yake. Hawakumfuta mwenyewe ili kumrekebisha. Dada yetu wa vitenge hajawahi kukiona kitabu hicho, na amefanya kazi ile ile: amemsikia mwandishi kwanza.

Tena wakubwa kati yetu wanakumbuka kikundi cha Mufwankolo, michezo yao ya Kiswahili iliyotuchekesha na kutufundisha. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa ya kukariri. Walipatana juu ya kisa, wakakifanyia mazoezi, na katika mazoezi hayo mmoja alimkosoa mwingine mpaka kisa kikae sawa. Basi kurekebishana ni mila yetu pia, haikuanza na wino mwekundu.

Sasa mnauliza: tumtafute wapi mtu wa namna hii? Tutazame karibu. Mwalimu wa shule wakati wa likizo, lakini siyo wakati wa mitihani, ana kaye za watoto wengi za kusahihisha. Mwanafunzi wa lugha na fasihi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayehitaji kujizoeza. Msomaji wa kanisani, maana amezoea kusoma kwa sauti na anasikia mahali ulimi unapokwama. Mzee aliyekuwa karani na aliyepiga barua za watu kwa mashine miaka mingi. Ndugu aliye mbali, Ndola au Bruxelles, anayeweza kusikiliza kwa sauti ya WhatsApp. Na mama mwingine anayeandika: wewe umsomee yake, yeye akusomee yako. Njia hii ya mwisho ndiyo tuliyoitumia zaidi, na haina deni.

Ukimpata, usimpe hadithi nzima siku ya kwanza. Mpe kurasa mbili. Mwombe arudishe baada ya majuma mawili. Kisha tazama amerudi na nini. Akirudi na maswali, shika mkono wake. Akirudi amekuonyesha mahali alipocheka, mahali alipochoka na mahali alipopotea, shika mikono yote miwili. Akirudi amekuandikia hadithi nyingine, mshukuru kwa heshima, mpe maji baridi, tafuta mwingine. Na asiporudi kabisa, umepoteza kurasa mbili tu.

Mwambieni pia mnataka atazame nini, na kwa mpango gani. Kwanza hadithi yenyewe: inaeleweka? Watu wake wana sababu ya kufanya wanayoyafanya? Inaanza mahali pake? Baada ya hapo lugha: sentensi ndefu mno, neno lililorudiwa mara tano. Mwisho kabisa nukta, mkato na herufi kubwa. Mtu akianza na mkato anapaka rangi ukuta ambao labda utabomolewa.

Juu ya lugha tumebishana sana, tuwaambie ukweli. Wengine walitaka Kiswahili bora tu, kile cha vitabu. Wengine walisema, "Hapana, hatuongei hivyo nyumbani, tutaonekana wageni katika hadithi zetu wenyewe." Tumepatana hivi: anayesimulia atumie Kiswahili ambacho mama wa Kipushi atakielewa, na mama wa Kigoma pia. Lakini watu wa hadithi wanapofungua mdomo, waachwe na mdomo wao. Mama wa Katuba aseme kama mama wa Katuba. Kijana anayechanganya Kifaransa achanganye. Mhariri asiyekubali hilo anaweza kuwa mtu mzuri, ila si wetu.

Jambo lingine ni nakala. Msitoe kamwe kaye moja peke yake. Chinua Achebe wa Nijeria, kabla hajajulikana, alikwenda London mwaka 1956 kwa mafunzo ya redio, akiwa na hadithi yake. Mwalimu mmoja huko, Gilbert Phelps, aliisoma, akaipenda, akataka kuionyesha kwa wachapishaji. Achebe alimwomba asubiri, akarudi nayo nyumbani kuirekebisha tena. Kisha akaituma London kwa ofisi ya kupiga mashine, maandishi ya mkono, na hakuwa na nakala nyingine. Miezi ikapita kimya. Mkubwa wake wa kazi, mwanamke aitwaye Angela Beattie, alipokwenda Uingereza alifika katika ofisi hiyo mwenyewe na kudai, ndipo kazi ikafanywa. Kitabu kilitoka mwaka 1958, na mwaka 1973 kikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Fikirini kama mwanamke yule asingegonga mlango ule. Sisi hatuna Angela Beattie. Tunayo fotokopi, na telefoni inayopiga picha: ukurasa mmoja mmoja, kabla kaye haijatoka nyumbani.

Na siri. Hadithi zetu zinatoka katika maisha, na mji wetu ni mkubwa lakini parsele zinasikilizana. Badilisheni majina, badilisheni komini, mfanyeni fundi awe dereva. Tena mwambieni msomaji waziwazi: haya ni kati yetu mpaka mwenyewe aseme yatoke. Mtu asiyeweza kuficha habari ya hadithi asipewe hadithi, hata kama anajua sarufi yote.

Je, mtu anayefanya kazi ya bure tumpe nini? Kazi ya bure isigeuzwe kuwa ya utumwa. Hadithi moja kwa mwezi inatosha, na siku akisema mtoto anaumwa, tusimsumbue. Tumpe kaye yenye mwandiko unaosomeka. Akialikwa, apate chakula. Jina lake litajwe chini ya hadithi, kama anapenda. Na shukrani kubwa kuliko zote ni kumwonyesha kwamba swali lake lilifanya kazi: "Tazama, hapa uliuliza, hapa nimejibu." Dada yetu wa vitenge anasema kwa sababu hiyo tu anarudi.

Nasi tunaorekebishwa tunayo kazi yetu. Kikundi chetu kina desturi: unapopokea maneno juu ya hadithi yako, hujibu siku hiyo. Unasema "asante," unakwenda nyumbani, unapika, unalala. Baada ya siku tatu unasoma tena. Mara nyingi neno lililouma Jumamosi linaonekana la haki Jumanne. Na likibaki si la haki hata Jumanne, liacheni. Neno la mwisho ni la mwenye hadithi. Mhariri anashika taa, wewe ndiwe unayetembea.

Yaya wa Kampemba sasa anaandika hadithi ya tatu. Na jambo hili hatukulitazamia: ndiye anayewasomea wanaoanza. Hashiki biki mkononi. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali moja au mawili, kwa sauti ndogo. Majuma mawili yaliyopita alimuuliza msichana mmoja: "Mtoto wako wa hadithi analia sana. Anapenda nini?" Msichana alikwenda kuandika upya yote.

Wamama, mlio na hadithi ndani ya sanduku, chini ya nguo, toeni. Na ninyi mnaosema hamjui kuandika lakini mnajua kusikiliza, tunawahitaji pia, labda kuliko wote. Jumamosi ijayo saa tisa, mahali petu pa kawaida. Mwenye hadithi alete kurasa mbili na nakala yake. Mwenye masikio alete masikio.